Mahindi Kwenye Jiko la Kale

Shangazi yangu ameishi nusu ya umri wake chini ya ghorofa, kwenye maabara isiyo na dirisha, ameinamia darubini. Kazi yake ni kutafuta chembe za mimea katika udongo unaofukuliwa kwenye makazi ya kale. Mwonyeshe chembe ya wanga isiyoonekana kwa macho, atakuambia watu wa jiko lile walipika nini. Mimi nikimwonyesha sufuria yangu, ananiambia nimeunguza tena.

Binti yake wa pekee amejifungua mapacha ughaibuni, hana wa kumsaidia, na shangazi roho yote iko huko. Mkuu wa maabara alimpa sharti moja: aifundishe kompyuta ya akili bandia kuzitambua chembe, ndipo aende zake na kiinua mgongo chake. Akiondoka kabla, hapati kitu. Basi akaifundisha, picha baada ya picha, hadi macho yakawa mekundu. Akaiita Mkwe, kwa vile ilikuja kumtoa mtu kwao huku ikitaka kuhudumiwa.

Siku ya mtihani, Mkwe alipewa udongo wa jiko la kale mno. Akajibu bila kusita: mahindi. Mkuu nusura aruke. Mahindi, enzi ambazo hayakuwa hata yamefika huku! Akashika kalamu asaini ruhusa ya shangazi, huku akiwaza waandishi wa habari.

Shangazi akaitazama picha. Mahindi kweli. Kisha akaitazama mikono ya fundi aliyeandaa udongo ule. Glovu zilikuwa mpya, za aina inayopakwa unga ndani ili zivalike kwa urahisi. Unga wenyewe ni wa mahindi, na hupeperuka glovu zikivaliwa.

Si angenyamaza tu! Mpaka leo inaniuma.

"Mwanangu," alimwambia mkuu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, "hayo mahindi yametoka kwenye glovu."

Mkuu akanywea, halafu akamkumbatia. "Mwalimu, umetuokoa na aibu. Unaona sasa? Hii mashine haiachiki peke yake. Tuongeze mkataba." Kalamu ikarudi mfukoni.

Jioni binti ya shangazi alipiga simu, nikiwa nimeketi pembeni. "Mama, wamesaini?"

"Bado, mwanangu. Mashine imefeli."

"Jamani! Nani kaifelisha?"



"Mimi," akasema.

Upande wa pili watoto walikuwa wakilia, na hakuna aliyekata simu.