Cheti Kimepita, Mwenye Cheti Amebaki

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu ofisi moja hapa Musoma, kuomba kazi ya uuguzi. Cheti chake kiko ndani ya simu. Karani akakimulika kwa simu yake, ikatoa alama ya kijani.

"Hii ni blokcheni, bibi," karani akaniambia. "Kumbukumbu iko kwenye kompyuta nyingi, hakuna wa kuifuta."

"Kama ng'ombe za mahari," nikasema. "Ukoo mzima unazionaga zikiingia zizini, kesho nani atakataa?"

Akacheka. "Ndiyo hivyo. Cheti ni halali kabisa. Ila nafasi ilijazwa jana."

"Na huyo wa jana, mlimmulika?"

Akalaza simu kifudifudi mezani. "Yule hakuna haja, bibi. Kwao tunapafahamu."

Kumbe mashine ya kukamata waongo imewekwa kwa ajili ya watoto wa wasiofahamika.