Chupa Tatu za Bwana Afya

Harufu ya kizibo kilicholowa hunirudisha kijijini kwetu, mlimani juu ya Makumira, kila ninapofungua chupa ya maji kazini. Nina diploma ya upimaji wa maji, niliyoipata ng'ambo kwa jasho langu, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Niliporudi Arusha nilikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na ofisi yenye jina lake mlangoni. Nayasema haya bila haya. Wasaidizi wangu hushangaa kwamba sipimi maji ambayo sikuyachota mwenyewe. Wanadhani ni maringo. Ninyi nitawaambia.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa na miaka kama tisa. Chemchemi yetu ilikuwa juu, ukingoni mwa msitu. Kwenda ni kupanda, kurudi ni kuteleza na debe kichwani. Mvua ikizidi, akina mama walichota kwenye mfereji wa migomba, ambao ulikuwa umeshapita kwenye mazizi ya wenzetu wa juu, na sisi watoto tukaharisha. Kwa hiyo ilipotangazwa kanisani kwamba serikali italeta bomba kutoka chemchemini mpaka kiwanja cha kanisa, maji yakipimwa na kuonekana mazuri, mama alipiga vigelegele palepale kwenye benchi, na mimba yake kubwa.

Wazee walitoka wakaenda kuketi kikao chao. Upande wa pili wa mlima wenzetu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kuwapisha walowezi, na kabla ya kuhamishwa walipita kwanza watu wenye kamba na vigingi, wakitabasamu.

"Leo anapima maji," baba alisema, "kesho atapima shamba."

Bwana Afya, mkaguzi wa afya wa serikali, alikuja, Mchaga mmoja mnene, mwenye chupa tatu na buti zinazong'aa. Kwetu mgeni hakanyagi chemchemi na viatu. Baba alimwambia avue. Bwana Afya aliyatazama matope, akazitazama buti zake.

"Mzee, mimi ni mtu wa serikali."

"Serikali nayo ina miguu. Au unatuficha funza?"

Watu walicheka. Bwana Afya akanikabidhi chupa zake. "Binti, nenda ukachote pale yanapotokea. Usiguse mdomo wa chupa."

"Shikamoo, nimesikia," nilisema, nikachanganya heshima na woga, wakacheka tena.

Baba alinisindikiza hatua chache. Kwa Kimeru, bila kugeuza uso, akaniambia, "Anande, jaza kwenye dimbwi la chini." Dimbwi la chini ndipo ng'ombe walipokunywa, na kufanya mengine pia. Nilijaza chupa zote tatu, nikangoja tope litulie, nikaziba kwa nguvu. Bwana Afya aliinua moja juani, akainusa, akanitazama kwa muda mrefu. Mpaka leo nashuku kwamba alijua.

Barua ilisomwa kanisani baada ya kuchuma kahawa: maji yetu hayafai, bomba litakwenda kijiji cha ng'ambo ya korongo. Wazee walichinja mbuzi. Nami nilipewa figo, sehemu ambayo watoto hawapewi, nikatembea kijijini kama jemadari.

Mama aliniita jikoni. "Ulichota wapi?"

Nilimwambia, nikijisifu. Alipangusa mikono, akachukua debe lake, akatoka.

Siku chache baadaye aliteleza kwenye njia ya chemchemi. Alinusurika. Mtoto wa tumboni hakunusurika.

Sidhani baba alikosea kushuku. Ningekuwa yeye, hata na diploma yangu, ningewashuku watu wale. Kosa lake nimelielewa ukubwani: katika kikao kile cha wazee cha kuilinda chemchemi hapakuwa na hata mtu mmoja aliyebeba debe. Walilinda maji ambayo hawakujua uzito wake.

Baada ya msiba ule baba alianza kupanda mlimani na debe begani. Mwanamume wa Kimeru, mzee wa mfereji anayegawa zamu za maji, anachota maji! Vijana walimsubiri njiani.

"Baba Anande, umeolewa lini?"

"Mahari yako alipokea nani?"

Alipita na debe lake. Niliona aibu mpaka nikawa nazungukia migombani ili nisikutane naye mbele ya wenzangu. Nilidhani huzuni imemharibia akili. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba alikuwa na akili timamu kuliko wakati wowote, na kwamba alichagua kupita saa ile ile ambayo kila mtu yuko njiani, ili aonekane.

Mama aliyapokea maji yale kila siku, akayamimina mtungini. Hakumwambia asante, na baba hakusimama kuingoja.