Nyumba ya Simbilisi Isiyo na Upenyo

Seremala huyu mtaani walimwita Unywele, maana kila akimaliza kabati alimwambia mteja, "Tafuta upenyo basi! Hata unywele haupiti." Na kweli haukupita. Milango yake ilibana hata wateja wengine wakashindwa kuifungua, ila hayo walikwenda kuyasemea mbali naye.

Binti wa mwisho wa Unywele na mkewe alipoolewa, alimwachia mama yake simbilisi, yule mnyama mdogo wa manyoya asiye na mkia, apigaye mluzi akisikia kisu kinakata karoti. Nyumba ilikuwa imepoa, mama akapata wa kuongea naye. Unywele aliona wivu, akauficha kwenye kazi: akamjengea simbilisi nyumba. Na nyumba gani! Mbao zimepigwa randa, pembe zimeshikana bila msumari, vanishi imepakwa mara tatu, mfuniko wa kubana. Chini akamwaga vumbi la msumeno, laini kama unga, la karakana yake mwenyewe.

Wiki ya pili mluzi ukakoma. Simbilisi akajikunyata pembeni, manyoya yamesimama, pua inatoka majimaji, mbavu zinapanda na kushuka kwa nguvu. Ukitega sikio, kila pumzi ilikwaruza.

"Baba watoto, huyu anaumwa."

"Anakoroma huyo. Kalala raha mustarehe."

"Anakoroma macho wazi?"

Unywele akafikiri, akaamua ni baridi. Akalizunguka sanduku akitafuta baridi imepita wapi, asione. Basi akalifunika kwa blanketi zito, akaenda zake kazini ametulia.

Kesho yake asubuhi karoti ya jana ilikuwa haijaguswa. Mama hakumwomba mtu ushauri tena, akambeba mnyama wake kwenye kikapu hadi kwa daktari wa mifugo. Unywele akafuata nyuma na sanduku, ili daktari aone kwamba kwa upande wa malazi hapakuwa na kasoro.

Daktari, dada mmoja asiye na maneno mengi, alifungua mfuniko, akarudi nyuma.

"Nani kalitengeneza?"

"Mimi," Unywele akasema, kifua mbele.

"Zuri. Linafaa kuzikia."

Akawaeleza: simbilisi hupumua kwa pua, ukimfungia na vumbi, vanishi na harufu ya mkojo wake, mapafu yanaharibika. Akihema hivyo na kususa chakula, aletwe siku hiyo hiyo, wala asipewe dawa za watu. Akatoa dawa, na bomba la sindano lisilo na ncha la kumlishia uji wa majani. "Kupona siwaahidi. Mmechelewa."

Nyumbani Unywele alishika msumeno, akakata ubavu mzima wa sanduku, akagongomea wavu wa waya, akatandika nyasi kavu. Siku nne mkewe alimlisha kwa bomba bila kumsemesha mtu. Unywele aliogopa, jamani, aliogopa kimya kile kisije kikahamia nyumbani mwao moja kwa moja.

Siku ya tano kisu kiligusa karoti, mluzi mwembamba ukasikika. Mama akalia. Unywele naye, japo alisingizia vumbi.

Jioni mteja alikuja kuagiza kabati, akaliona sanduku. "Loo! Nani kaiharibu kazi nzuri hivi? Hata kidole kinapita!"

Unywele akamtazama mkewe.

"Ni mimi," akasema. "Hapo ulipoona pameharibika, ndipo nilipojenga."