Moyo Ulioitwa Mimba

Habari ya kifo chake ilinikuta Lunga Lunga, nimekaa juu ya magunia ya vitunguu kando ya foleni ya malori, nikimngoja dereva amalize mambo yake ya mpakani tuvuke kwenda Tanga. Mwendesha bodaboda mmoja wa Msambweni alinitambua, akavua helmeti kabla ya kusema. "Kaka, yule mama wa viazi karai ametutoka. Alianguka uani kwake akiinua ndoo ya maji, hakuamka tena. Tumemzika jana alasiri." Nilimwambia dereva aende zake, nikapanda nyuma ya pikipiki ile ile kurudi matangani. Jina lake sitalitaja. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa sina desturi ya kutaja majina katika safu hii, lakini safari hii nina sababu ya ziada: jina la mama huyu lilitajwa kupita kiasi alipokuwa hai.

Alikuwa mjane wa makamo, rika langu, na karai lake la kukaangia viazi lilikuwa karibu na stendi. Mimi ni mtu nisiyetulia. Nimeosha sufuria katika mahoteli ya Diani, nimelima msimu mmoja Mkongani, nimepakia mizigo ya wageni kwenye boti za Funzi, na kila niliporudi kutoka nilikotoka nilianzia kwenye benchi lake. Viazi vyake vilikuwa vizuri, lakini watu walifuata ukwaju. Aliukoroga mzito, wenye pilipili ya kukufumbua macho. "Karibu, kaka mpita njia," angeniambia. "Leo umefukuzwa wapi?" Kisha anipakulie kabla sijajibu, maana jibu alikuwa nalo tayari.

Nilikuwapo alipoanguka mara ya kwanza mbele ya watu. Ilikuwa asubuhi, ametoka bombani na ndoo, akaiweka chini, akashika kifua, akaenda chini kama kanga iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Mmoja akataka kitunguu cha kumnusisha. Mwingine akasema aachwe, hao ni masheitani wake wanataka ngoma. Tulimwingiza kwenye tuktuk tukampeleka hospitali, na tulipofika kitengo cha dharura alikuwa ameshafumbua macho na anaulizia nani amebaki na mafuta yake motoni. Daktari aliyempokea alikuwa binti wa bara, Kiswahili chake cha haraka haraka. Akampima sukari, akampima presha, akambandika nyaya za kupima mapigo ya moyo. Kisha akatoa mfukoni kifaa kidogo kama mashine ya kunyolea, akakiunganisha na simu yake, akavuta pazia. Mimi nilibaki nje, nikisikia kila neno.

"Mum, tulia. Mwanamke wa umri wako akizirai, kwanza naangalia kama kuna damu inavuja tumboni. Halafu naenda kwa moyo."

"Jeli yako ya baridi, mwanangu."

"Pole. Tumbo liko sawa. Sasa moyo." Nikamsikia akivuta kiti karibu. "Kabla ya kuzirai, huwa unafanya nini?"

"Nabeba kitu kizito. Kifua hubana, halafu giza."

Alipokwisha kusitiriwa, waliniita ndani nisikie maelezo kwa kuwa ndiye niliyemleta. Kwenye kioo cha simu nikauona moyo wa mtu ninayemfahamu ukifumba na kufumbua. Daktari akaweka kidole. Moyo una milango, akasema, na huu hapa umekakamaa, unafunguka nusu tu. Mwili ukitaka damu nyingi, haipiti ya kutosha, kichwa kinakosa, mtu anaanguka. "Basi utieni mafuta," mama wa karai akasema, na hata daktari akacheka. Lakini akarudi kwenye uzito wake. Kifaa chake kidogo kimeona shida, akasema, ila hakitoshi kuipima. Wiki inayofuata angekuja daktari wa moyo na mashine kubwa, na huenda ingehitajika safari ya Mombasa kwa upasuaji. "Usibebe ndoo. Na hiyo kliniki, mum, tafadhali usikose. Ugonjwa huu unaweza kukuua ghafla."

Pazia lile halikufika mwisho wa reli yake. Kwenye benchi la upande wa pili aliketi jirani mmoja aliyeleta mtoto mwenye homa. Hakusikia habari ya moyo. Aliona tumbo limefunuliwa, limepakwa jeli, na kifaa kinapita juu yake. Sisi huku mashine ile tuliijua kupitia kwa wajawazito, na jina tulilolipa ni mashine ya mimba. Kwa hiyo jirani hakusema uongo alivyodhani. Alisema alichokiona, kwa jina alilolijua. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mjane amepimwa mimba.

Mzaha ukahamia kwenye benchi la viazi. "Mama, ukwaju wa siku hizi mwingi, nani anautamani?" "Tutakula karamu ya uzazi lini, jamani, na baba ni nani?" Naye akijibu, "Ni moyo. Ni mlango wa moyo, wallahi." Mwanamke mmoja akapiga makofi, akasema: "Na mimba gani isiyopitia mlango wa moyo?" Watu wakacheka hadi wengine wakapaliwa.

Niliporudi kutoka Mkongani nilimuuliza kuhusu kliniki. Alikuwa akigeuza viazi, hakuniangalia. "Sikwenda. Benchi la kungojea ni moja na la wajawazito, kaka. Nikikaa pale nitakuwa nimekiri mwenyewe."

"Na ule mlango?"

"Mungu akipenda utajifungua wenyewe."

Neno likamtoka kabla hajalisikia. Kujifungua! Tukacheka wote wawili. Nikamsihi, nikamwambia nitakwenda naye. Akaniuliza kama kuketi na mwanamume pale ndiko kungesafisha jina lake. Miezi ikapita, tumbo halikutokea, nikadhani sasa wataona haya. Wakasema ameitoa.

Sitasema kwamba angepona. Hilo ni la Mola. Wapo waliopasuliwa wakaishi, wapo waliopasuliwa wasirudi. Ninachojua ni kwamba daktari aliweka kidole penye ugonjwa, asubuhi ile ile, bila kumpasua wala kumsafirisha, jambo ambalo tulipokuwa watoto lingekuwa hadithi. Wazee wetu wangapi walioanguka tukasema ni pepo walikuwa na mlango uliokakamaa? Leo jibu linatoka mfukoni mwa daktari. Vifaa vimetupita mbio, maneno yetu yamebaki nyuma yakichechemea, na mtu akadondoka katika pengo hilo. Hospitali nayo ingenunua pazia linalofika mwisho.

Matangani nilikaa nje na wanaume, karibu na dirisha la chumba cha wanawake. Huko ndani nikamsikia mmoja akimuuliza mama mzee aliyeosha maiti, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini: "Bibi, ati, tumboni hamkuona kitu?"

Wengi, nadhani, walikuwa wakilingoja swali hilo.

"Mwosha hasemi," bibi akajibu. "Nilichokiona nimekizika. Nawe utaoshwa, mwanangu, na utamwomba Mungu akupe mwoshaji kama mimi."

Nami nimeibeba kauli ile tangu siku hiyo. Sisi ni watu wenye adabu kubwa kwa maiti. Tunamfunika shuka tunapomwosha, tunapitisha mkono chini ya nguo, tukitoka tunafunga midomo, kwa sababu mwili wa mtu ni siri yake. Mama wa viazi karai aliipata sitara hiyo kamili, bila pengo kwenye pazia. Angeipata akiwa bado anapumua, angekwenda kliniki.