Tundu la Kambo katika Ua wa Katuba

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza mimi, ndugu yangu. Nimeuza makala ya kupikia kwa baiskeli, nimelala juu ya magunia ya unga pale Mokambo mvua ikininyeshea, nimeibiwa na watu niliokula nao sahani moja. Leo nina malori matatu na nyumba ya ghorofa Makomeno, mimi niliyeacha shule mwaka wa nne wa msingi, na waliosoma ndio wanaonisalimia kwanza. Kwa hiyo nilipomkuta binti yangu mdogo amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sikio kwenye ukuta wa jirani, sikushangaa. Nilijua mara moja anafanya nini. Alikuwa anawasikiliza watoto wa upande ule wakiruka kamba.

Tulihamia Makomeno mvua zilipoanza, na sasa mahindi ya watu yalikuwa yameshakomaa. Mtoto ana miaka minane. Nilimnunulia baiskeli, nikamwekea televisheni chumbani, nikamfungia bembea ya chuma uani, bembea ikashika kutu. Kila jioni swali lilikuwa lilelile: "Papa, tunarudia kwetu siku gani?" Mke wangu akaniambia, "Papa batoto, huyu mutoto anakwisha. Bukari anaigusa tu na kidole." Nikamtazama, kweli, shingo imekuwa ndefu. Basi nikakaa kwenye ngazi za nyumba yangu nzuri, na mawazo yakanipeleka mtaa wa Katuba, zamani zile ambapo aliyekuwa anagusa bukari, ugali wetu, kwa kidole ni mimi.

Sisi tulitoka Pweto, kando ya ziwa. Mama yangu alikufa nikiwa mchanga, aliyenilea ni Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, mama yake baba. Baba alipopata kazi ya migodi mjini akatuita, tukaja juu ya lori la samaki wakavu. Tulifika tukinuka ziwa lote. Watoto wa avenyu walinipa jina kabla sijashuka vizuri: Kitoyo, yaani samaki wa chumvi. Nikipita wanaziba pua. "Kitoyo anapita, ficheni paka."

Mimi nilizoea kuamka na sauti ya maji na ya wanawake wakigombania mitumbwi inayorudi. Katuba niliamshwa na king'ora cha migodi, kisha mifagio, nyumba hadi nyumba, kila mama anafagia uwanja wake, vumbi jekundu linapanda. Halafu mbabula, majiko ya makala, zinawashwa, mifuniko ya sufuria inapepea makala, na moshi unakaa chini kama umechoka. Mchana nilijificha nyuma ya choo. Nilinyamaza. Sisemi kwamba nilisema kidogo, nilinyamaza kabisa, mpaka baba akaanza kuniita bubu.

Kambo hakuniuliza nina nini. Jumamosi moja alichukua panga, akaenda kwenye lupango, ua uliotutenga na jirani. Ule ua ulikuwa wa ile miti ya kijani ambayo ukivunja tawi inatoa maziwa meupe yanayochoma. Upande wa pili alikaa mama mmoja wa Kasai, mkoa wa mbali, mke wa mwalimu, na watoto wake sita, wa mwisho bado ananyonya. Aliposikia panga akatoka na mwiko mkononi.

"Mama, unafanya nini na lupango yetu?"

"Nakata upande yangu," Kambo akajibu bila kuinua kichwa. "Upande yako utakata weye."

"Na kuku yangu ikipita kwako?"

"Ikipita itataga. Ikitaga, tutaona yai ni ya nani."

Yule mama akacheka mpaka akaegemea mti. "Mama wa Pweto, weye uko mwizi wa mchana."

"Mutoto wangu hasemi tangu tulishuka kwenye lori," Kambo akasema, na sasa panga likasimama. "Nyumba ataizoea tu. Miye namutafutia bantu."

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya Kambo ili nione. Panga liliporudi kazini, maziwa ya mti yakaruka, yakaniingia jichoni. Nikapiga kelele ambayo nadhani baba aliisikia chini ya ardhi. Kabla Kambo hajatupa panga, yule mama alishapenya lile tundu ambalo halijakwisha kukatwa, nguo ikachanika ubavuni, mtoto mgongoni. Akanilaza mapajani, akafungua jicho langu kwa vidole viwili, akatoa ziwa, akanikamulia humo. Maziwa ya moto. Moto wa mti ukazimika polepole.

"Nyamaza," akaniambia. "Umeshanyonya kwangu na jicho. Sasa uko mutoto yangu, utakula bidia kwangu, bukari ya kwetu."

"Atakula," Kambo akasema, "lakini bidia yenu iko na mihogo mingi, itamukwama."

"Afazali imukwame kuliko ile bukari yenu ya maji."

Siku ile nilikula kwake, na nilisema. Nilisema "ongeza".

Kuanzia hapo nilikuwa na majiko mawili. Tundu lile lilikanyagwa mpaka ardhi yake ikang'aa. Samaki wa Kambo walipita wakienda, sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, ikapita ikirudi, na asubuhi baada ya mvua za kwanza tulipita sisi watoto na beseni za kumbikumbi, tukakaangiwa popote palipokuwa na makala ya moto. Jina la Kitoyo halikuisha, lakini sasa aliyeniita hivyo akiwa wa nje alipigwa na wale watoto watano wakubwa. Mwalimu, baba yao, alituweka wote kwenye meza moja jioni. Shule ilinishinda, lakini herufi hizi ninazokuandikia alinifunza yeye, akinigonga kichwa na kalamu. Yule mama nilimwita mama wa jicho, na watu wa avenyu wakafuata.

Kisha ikaja ile miaka mibaya, ambayo mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Watu wa Kasai waliambiwa na wakubwa wa mkoa warudi kwao. Kwao wapi? Wale watoto sita walizaliwa Katuba, Kasai waliijua kwa jina tu. Nilibeba godoro lao mpaka stesheni, nikiwa kijana sasa, na tuliwakuta watu wengi wamelala chini wakingoja treni. Yule wa mwisho, ambaye siku ya jicho langu alikuwa mgongoni, alimuuliza mama yake, "Tunarudia kwetu siku gani?" Mama yake akamgeukia Kambo.

"Mama wa Pweto, kule nani atabakatia batoto bangu lupango?"

Kambo, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila kitu, alifungua kitambaa chake, akatoa samaki wote aliokuja nao, akampa.

Nyumba yao ilikaliwa na watu wengine. Kila msimu wa mvua ile miti ilitaka kuziba tundu, na kila msimu Kambo alitoka na panga akayakata matawi, ingawa hakuna aliyepita tena. Baba alimwambia anajichosha. Kambo alipokufa, wale wa upande wa pili walijenga ukuta wa matofali, na leo ukienda pale utakuta ghala la simenti. Ua wa miti umekwisha Katuba nzima. Kila mtu aliyepata pesa kidogo alijenga ukuta, na mimi huku Makomeno nilijenga mrefu kuliko wote, na vioo juu.

Basi kesho yake nikaenda kupiga kengele kwa jirani. Yeye ni avoka, mwanasheria, mkewe ndiye aliyenisikiliza.

"Papa, unataka tutoboe ukuta? Na bamwizi?"

"Bamwizi banapitaka mulangoni, mama, na kravati shingoni."

Alicheka, lakini mumewe hakucheka. Aliweka masharti yake: mlango wa chuma, kufuli upande wake na kufuli upande wangu, rangi pande zote mbili, saa kumi na moja watoto warudi kwao, na gharama zote ni zangu. Mimi ninayebishana bei mpaka ya nyanya, nilikubali nikiwa bado nimesimama. Fundi alisema tangu azaliwe hajaitwa kuvunja ukuta mzima usio na ufa.

Binti yangu alipita. Jioni alirudi gauni limechafuka, akala, akaomba tena. Sitakuficha, niligeuka nikatazama upande mwingine. Lakini kabla ya hapo, saa kumi na moja ilipofika, nilisikia mlinzi wao akizungusha ufunguo, na mimi nikazungusha wangu, na watoto wakabaki wakiitana kupitia chuma. Nimewauliza madereva wote wanaokwenda Kasai kuhusu mama mmoja, mke wa mwalimu, aliyekaa Katuba. Hakuna anayemjua. Ningependa aje aone mlango huu, ajue mutoto aliyenyonya kwake kwa jicho alijaribu, tena kwa fundi, mlango, simenti, rangi na kufuli mbili: dola mia nne na kumi na saba.