Chai ya Mkurugenzi

Ijumaa, kwenye kibanda cha roleksi, zile chapati za kukunjwa na mayai, pale Ntinda, mbele yangu alisimama meneja wa rasilimali watu, akimfundisha mama mpishi tofauti ya vyeo vya ofisini kwao.

"Mkurugenzi ndiye anaamua nani afukuzwe," alisema, akinyoosha kitambulisho kifuani. "Mimi meneja namwita huyo mtu kwa chai, namwambia polepole."

"Na hiyo chai wanaimaliza?"

"Bado sijaona, nyabo."

Simu yake ikalia. Akakaa wima kama askari kwenye gwaride.

"Ndiyo, mkurugenzi... Sasa hivi? Chai?"

Mama akamfungia chapati yake kwenye karatasi. "Chukua, ssebo. Hiyo chai usiende kuinywa na njaa."

Mkurugenzi naye asichekelee sana. Juu yake kuna mtu anachemsha maji.