Babu yangu ana makaburi mawili: nilivyotafuta kwao kutoka Migori hadi Magunga

Wakuu, habari za mchana. Vuteni viti, hii ni ndefu kidogo na kila neno ni kweli. Anayebisha aje Migori nimwonyeshe kaburi la kwanza, halafu twende Homa Bay nimwonyeshe la pili. Nauli ajilipie.

Baba yangu ni Mzee Zablon, fundi wa baiskeli mstaafu, anakaa nje kidogo ya Isebania. Ni mtu wa maneno mengi. Ukitaka kumnyamazisha, mpeleke matangani wakati wazee wanajitambulisha kwa kutaja majina ya baba zao.

Wenzake wanataja majina saba, nane. Yeye husema, "Zablon wuod Okumu, wuod Agwaro," yaani Zablon mwana wa Okumu mwana wa Agwaro, kisha anaketi.

Hakuna zaidi. Babu alikuja Migori peke yake kuchimba dhahabu na hakuwahi kusema kwao ni wapi. Ukimuuliza, alianza habari za mvua.

Siku moja mzee fulani akamwambia baba mbele ya watu, "Wewe ni jadak, kaa chini tu." Jadak ni mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wengine. Baba alicheka pamoja nao. Njiani kurudi nilikuwa nimemshika mkono kwa sababu magoti yake ni mabovu, na niliumia sana. Nikaapa kwamba nitampata huyo Agwaro na kwao kabla baba hajafa.

Nilianza na ofisi ya ardhi. Karani alinipa daftari kubwa kuliko meza, akaniambia, "Soma, lakini usirambe kidole kufungua page." Siku ya pili nikamwona babu, kwa wino wa zamani: Okumu s/o (mwana wa) Agwaro. Na kando, kwa maandishi madogo, pale walipouliza alikotoka: Magunga.

Wakuu, nilipiga kelele mle ndani. Karani akaninyang'anya daftari.

Sasa Magunga, kule Homa Bay. Mnajua kwetu hatuna makaburi ya pamoja, kila mtu analala bomani kwake. Kwa hivyo kusoma makaburi ni kubisha hodi kwa watu wasiokujua na kusema, "Samahani, naomba kuona marehemu wenu." Na kaburi ndilo ushahidi wa shamba. Mtu anayezunguka akipiga makaburi picha lazima ni broker wa mashamba, au anatafuta kesi.

Boma la tano nikaliona jiwe, nyuma ya nyumba ya bati, mbuzi wamelilalia. OKUMU AGWARO. Nikalipiga picha kwa simu.

Halafu nikasoma mwaka wa kufa. Huyu mtu alikufa miaka tisa kabla baba yangu hajazaliwa.

Nikahesabu mara tatu kwa vidole. Kabla sijamaliza, wanaume wawili wa boma hilo wakatokea wakiuliza natafuta shamba la nani. Sikusubiri kueleza. Nilifuta ile picha kwenye simu nikiwa barabarani. Nikasema majina yanafanana tu.

Huo ulikuwa ujinga wangu mkubwa, na ulinigharimu karibu mwaka mzima. Nilifuata akina Okumu wa kila upande. Nimekunywa uji wa watu ambao si ndugu zangu kabisa.

Kilichoniokoa ni gazeti. Kuna misheni moja Homa Bay wana magazeti yao ya zamani, yamefungwa kwa kamba ya katani stoo. Niliomba, nikapewa stuli na vumbi la kutosha. Katikati ya habari za ubatizo na mashindano ya kwaya nikakuta vistari vinne: boti ya kwenda kisiwa cha Takawiri imepinduka, na hawa miili yao haikupatikana. Jina la mwisho, Okumu s/o Agwaro wa Magunga, na mwaka ni uleule wa kwenye jiwe.

Haikupatikana! Sasa pale chini ya jiwe wamezika nini?

Mjaluo yeyote anayesoma hapa ameshajua jibu na ananicheka. Mimi nilizaliwa na kusikia mila hiyo, lakini kwenye hesabu zangu haikuingia.

Nilirudi Magunga siku iliyofuata. Safari hii niliingia kwa adabu, nikaomba mtu mzima wa boma. Akatoka Mama Perez, mjane aliyerudi kwao, binti wa kakaye Okumu yule wa kaburini. Alinitazama sana.

"Si wewe ndio ulikuja ukakimbia?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka kujua kuhusu hili kaburi."

"Hapo ndani hakuna mtu. Kuna yago."

Kwa wasiojua: mtu akipotea na mwili usionekane, tunazika tunda la yago mahali pake, lile refu kama mkono. Linaliliwa na kuzikwa kama mtu.

Nikamwambia kuhusu babu yangu wa Migori. Hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja: "Huyo wenu alikuwa na vidole vingapi?"

"Tisa," nikasema. "Cha mwisho cha kushoto kilikatika utotoni."

Mama Perez alipiga kigelegele hadi wale wanaume wawili wakaja mbio, mmoja na jembe. "Ni mjukuu wa Okumu! Okumu hakupanda boti!" Kumbe babu aligombana na kakaye, akaaga kwamba anaenda Takawiri, akaenda Migori. Mama Perez anadhani alipata habari kwamba ameshaliliwa na kuzikwa, akaogopa kuingia getini kama mzimu.

Sasa namwita Waya, shangazi.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba. Waya alimshika mkono kwenye kaburi akasema, "Huyu ndiye babako, tulimlilia bure!" Baba alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Jioni walimkalisha wakamfundisha majina, moja baada ya lingine, na yeye akiandika kwenye kiganja kwa biro.

Nilichojifunza: jiwe lina maandishi, lakini aliye chini yake ni nani, muulize shangazi. Na ukifukuzwa bomani, rudi na salamu.

Sasa nipeni maoni. Familia inabishana kuhusu lile jiwe. Vijana wanataka litolewe. Waya anasema libaki ila tuongeze mstari. Ninyi mngeandika nini?

Nikichelewa kujibu mnisamehe, tuko matangani tena na mzee. Wazee wamefika sehemu ya kujitambulisha. Ameshasimama, anasema, "Zablon wuod Okumu, wuod Agwaro, wuod Ondiegi," na nikitaka kumshika mkono anautoa. Amefika jina la sita. Hajaketi bado.